Bampa la Chuma: Ngao ya Nani?

Mtu akisimama Makupa saa za asubuhi akazitazama pikapu zinazoingia kisiwani na zinazotoka, hatakosa kuona kuwa nyuso za magari zimebadilika. Bampa lililotoka na gari kiwandani, lile la plastiki lililopakwa rangi moja na boneti, limeng'olewa. Mahali pake pamefungwa bampa la chuma, sahani nene chini na mabomba mazito juu, yamepanda hadi usawa wa taa na mara nyingine yamezipita. Limepakwa rangi nyeusi tititi, likabandikwa na taa nne za ziada, kama mtu aliyevaa miwani juu ya miwani. Ukimuuliza mwenye gari safari zake ni za wapi, atakwambia Kongowea kuchukua mboga, na Ijumaa humpeleka mama Mtwapa kumtazama mjukuu.

Nimeshika kalamu kulisema jambo hili kwa sababu moja. Mtu hulinunua bampa hilo akiamini kuwa amenunua ngao. Swali ambalo sijasikia likiulizwa, si karakana wala si barazani, ni hili: ngao hiyo inamkinga nani, na inamkinga na nani?

Wako watakaosema, bampa na ukurasa wa utamaduni wapi na wapi? Jawabu ni kuwa sisi watu wa pwani tangu hapo tumekuwa watu wa kupamba kile kinachomkabili mgeni. Mlango wa nyumba ya Lamu au ya Mji wa Kale hapa Mombasa hutiwa nakshi upande wa nje, utazamao njia. Jahazi la Lamu huwekwa macho omoni, yale mapambo ya duara kulia na kushoto. Uso wa chombo ni salamu yake. Basi pikapu nayo ni chombo, na uso wake ni salamu kwa mtu anayekutana nayo njiani. Salamu tunayoitoa siku hizi ni ya kukunja uso.

Nasema mapema nisije nikaeleweka vibaya. Sina ugomvi na bampa la chuma kwa kuwa ni la chuma. Yuko anayelihitaji, na huyo nitafika kwake.

Bampa hili halikuzaliwa kwetu. Nchi iliyolipa umbo na jina ni Australia khasa, nchi ya nyika pana ambako mtu aweza kuendesha gari kutwa nzima asikutane na karakana, na ambako magharibi ikiingia kangaruu huruka barabarani bila ya hodi. Mnyama huyo akilipiga gari usoni huivunja rejeta, maji yakamwagika, na dereva akabaki jangwani na gari lisiloweza kwenda. Wakulima wa huko wakachomelea mabomba mbele ya magari yao, kila mmoja kwa akili yake na kwa chuma alichokipata. Mwaka 1975 ikaanzishwa mjini Melbourne kampuni ya ARB, na kile kilichokuwa kibarua cha karakana ya shambani kikawa biashara iliyoenea duniani. Tuzingatie hapo: chombo hiki kilizaliwa na haja, nayo ilikuwa kuiokoa rejeta mahali pasipo msaada. Hakikuzaliwa na foleni ya Kibarani.

Sasa tulitazame bampa la kiwandani, kwani linatukanwa pasipo haki. Watu husema, "Ah, hiyo ni plastiki tu." Plastiki ile ni kanzu. Nyuma yake aghalabu mna povu gumu, na nyuma ya povu mna mti wa chuma uliolala mkingamo, na mti huo umeshikwa kwenye ncha za chasisi. Katika pikapu nyingi za miaka hii, pale unaposhikwa pana vipande vilivyoundwa kwa makusudi vikunjike. Gari likigonga ukuta au gari jenzake, kwanza hupasuka plastiki, likabonyea povu, kisha vikajikunja vile vipande kama karatasi. Kila kinachokunjika kinakula sehemu ya ule mshindo, na kinauongezea muda. Muda wenyewe ni mfupi mno, haufiki sehemu moja katika kumi ya sekunde, lakini ndani ya muda huo ndimo mnamoamuliwa kama kifua cha dereva kitafika kwenye usukani kwa kishindo au kwa wepesi. Kwa hivyo mtu anapolitazama bampa lake la plastiki lililovunjika na kusema halikuwa na nguvu, ni sawa na kumlaumu mchukuzi kuwa amechoka baada ya kuubeba mzigo wako.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla gari halijazaliwa. Mtepe, kile chombo cha kale cha mwambao wetu, mbao zake zilishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, wala hazikushikwa kwa misumari ya chuma. Na si kwamba walikuwa hawakijui chuma, maana wahunzi walikuwako katika miji ya pwani karne nyingi kabla ya Mreno. Chombo kilichoshonwa hunyumbuka. Kikipanda fungu la mchanga au kikipigwa na wimbi la ubavuni, mbao hupishana kidogo kisha zikarudi mahali pake, na ule mshindo ukapotea ndani ya ushono. Mfano wake upo katika makumbusho ya Lamu, na mwenye kwenda huko asipite pasi na kuutazama. Aliyeushona alijua kuwa ugumu na nguvu ni vitu viwili.

Bampa la chuma lililofungwa moja kwa moja kwenye chasisi halinyumbuki. Ukigonga nalo, ule mshindo haupati pa kufia, unapita kama ulivyo katika chasisi hadi ndani kwa watu. Tena kuna mifuko ya hewa. Pikapu za leo zina sensa zinazoupima mshindo na kuamua kama mifuko ifumuke au isifumuke, na hesabu hiyo ilipigwa kiwandani kwa uso ule ule uliokuja na gari. Ukiubadilisha uso kwa chuma kizito, hesabu si ya gari hilo tena. Mfuko waweza kufumuka kwa pigo dogo lisilostahili, au ukakosea wakati katika pigo kubwa. Watengenezaji wenye kujali huko ng'ambo huyajaribu mabampa yao pamoja na mifuko ya hewa ya kila aina ya gari, na huyatilia mikono ya kushikia iliyoundwa nayo ikunjike. Lile lililochomelewa uani kwa bomba lililobaki kwenye kazi ya madirisha halina habari hiyo.

Katika karakana moja hapa mjini nilimkuta fundi akichomelea bampa kwenye chasisi ya pikapu, cheche zinaruka, na betri haijafunguliwa. Nikamuuliza kwa nini hatumii bolti. Akatabasamu, akasema, "Maalim, hili halitoki mpaka Kiyama." Nikamwambia hilo ndilo linalonitia hofu.

Kwa kuwa wako watakaolifunga hata nikisema usiku kucha, na wako wanaolihitaji kwa haki, nitaeleza namna kazi hii inavyostahili kufanywa. Mwenye gari akiijua, atamtambua fundi na asiye fundi.

Kwanza betri hufunguliwa, na mtu husubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa nyaya za mbele, kwa sababu mfumo wa mifuko ya hewa hubaki na umeme kwa kitambo. Kisha bampa la zamani hutolewa pini moja moja bila kuvunja, na kila waya wa indiketa na wa taa za ukungu hutiwa alama. Bampa jipya huinuliwa na watu wawili au kwa jaki, maana uzani wake si wa mzaha. La chuma la kawaida laweza kufika kilo 60, na likitiwa winchi huongezeka. Bolti zote huingizwa kwanza kwa mkono, zikaachwa legelege, bampa likapimwa kulia na kushoto mpaka likae sawa, ndipo zikazwe kwa spana ya kupimia, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Baada ya kilomita mia chache hukazwa tena. Chasisi haichomelewi. Moto wa kuchomelea huidhoofisha pale pale unapopita, na umeme wake ukipita vibaya huweza kuiua kompyuta ya gari, ambayo bei yake wengi huijua wakati umeshapita.

Jambo ambalo karakana nyingi hulisahau ni mwanya. Mwili wa pikapu umekalia raba juu ya chasisi, lakini bampa la chuma limeshikwa na chasisi yenyewe. Barabara ikiwa mbaya, viwili hivyo havichezi pamoja: mwili hutikiswa huku, bampa likaenda kule. Ukililaza bampa lishikane na madigadi ili lipendeze macho, mwezi haumaliziki kabla halijatafuna rangi, na kisha bati. Uachwe mwanya wa upana wa kidole. Hali kadhalika usukani uzungushwe mpaka mwisho pande zote mbili, na gurudumu litazamwe kama halilambi ncha za bampa.

Uzani nao una hesabu yake, na hesabu hii hata mtoto wa shule aiweza. Tuseme bampa ni kilo 60, nalo limening'inia sentimita 80 mbele ya ekseli ya mbele, na kati ya ekseli mbili za pikapu pana mita 3. Ekseli ya mbele haitaongezewa kilo 60, itaongezewa 76. Zile 16 za ziada zimenyanyuliwa kutoka ekseli ya nyuma, kama watoto kwenye bembea ya ubao. Pikapu isiyo na mzigo tayari ni nyepesi nyuma, na sasa tumeizidishia wepesi. Mvua ya masika ikinyesha, ikabidi kushika breki kwa ghafla pale Nyali darajani, gari lina sababu moja zaidi ya kuteleza. Mbele nako pua huinama, springi zikachoka mapema, na taa zikatazama chini. Mwenye gari akiona hivyo hutia springi za juu, na sasa taa zinawapofua wanaokuja upande wa pili. Kwa hivyo siku ya kufunga bampa ndiyo siku ya kuzirekebisha taa, gari likiwa mbele ya ukuta ulionyooka.

Rejeta inataka upepo. Mtu akiijaza grili kwa sahani, taa za ziada na jina la gari lililokatwa kwa chuma, kisha akaupanda mlima wa Mazeras na tani moja ya saruji mgongoni saa saba ya mchana, asishangae mshale wa joto ukipanda pamoja naye. Alinunua bampa aikinge rejeta, na bampa likaikaba koo.

Tena iko kutu. Hapa kwetu hewa yenyewe ina chumvi. Kila tundu lililotobolewa na kila ukingo uliokatwa kwa grenda hutakiwa kupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufungwa, si baada. Mabomba ama yazibwe kabisa, ama yatobolewe tundu dogo upande wa chini, maji yapate pa kutokea. Yasipofanyiwa moja katika mawili hayo yataoza kutoka ndani huku nje yanang'aa. Chuma kilichotiwa zinki kabla ya rangi ndicho kinachodumu, ijapokuwa bei yake si ya kila mtu. Na kibao cha nambari kionekane chote, kisifunikwe na winchi. Kampuni ya bima nayo iarifiwe, kwani mkataba wa bima unajengwa juu ya kusema ukweli, na mtu hataki kuyajua masharti hayo siku anapodai.

Hayo ni ya gari na mwenyewe. Sasa nije kwa yule ambaye hakuulizwa.

Takwimu za NTSA zimeonyesha kuwa tangu 2021 watu waliokufa barabarani nchini Kenya wamezidi 4,000 kila mwaka, na kundi linaloongoza katika vifo hivyo ni la waendao kwa miguu. Hatuhitaji takwimu kuwajua ni akina nani. Ni mama aliyejitwika beseni anayevuka Changamwe. Ni mzee anayetoka msikitini alfajiri, mwanga haujakamilika. Ni watoto wa madrasa wanaovuka njia ya Kisauni jioni, misahafu vifuani.

Bampa la kiwandani la plastiki na povu likimpata mtu mzima, humpiga mguuni, na plastiki hiyo hubonyea. Nisifiche kwamba huumiza, tena yaweza kuua mwendo ukiwa mkali. Lakini bomba la chuma halibonyei hata chembe, na nguvu zote hukusanyika pale lilipogusa, mahali pa upana wa bomba. Tena fikiri kimo chake. Juu ya pikapu kubwa, bomba la juu huweza kufika kiasi cha mita moja na zaidi kutoka ardhini. Mtoto wa miaka saba kimo chake ni kama mita moja na sentimita ishirini. Mtu mzima bomba hilo litampata nyongani au tumboni. Mtoto litampata kifuani, shingoni au kichwani.

Wenzetu walilitazama jambo hili. Australia yenyewe, iliyolizaa bampa, ilitoa mwaka 2002 kipimo cha namna mabampa haya yanavyostahili kuundwa ili yasimdhuru mpita njia, yasiwe na ncha wala makali. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2005, kwamba bampa la namna hii lisiuzwe mpaka lipite majaribio, na katika majaribio hayo mna ya mguu wa mtu mzima na ya kichwa cha mtoto. Yale mabomba magumu yaliyokuwa fasheni katika miji ya Ulaya yakaanza kutoweka. India ilikwenda mbali zaidi: Disemba 2017 serikali kuu iliziandikia serikali za majimbo ikitaka wenye magari yaliyofungwa vyuma hivyo wachukuliwe hatua, kwa hoja kuwa vinawahatarisha waendao kwa miguu na waliomo ndani ya gari pia. India si nchi ya barabara nzuri kuliko zetu, wala ng'ombe wa barabarani hawakosi. Hata hivyo walipima wakaona.

Tulipokuwa chuoni, bado na ubao na wino, tulifunzwa kuwa kuuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Jiwe, mwiba, ganda la ndizi. Sasa ona tulipofika: udhia tunauchukua wenyewe, tunaufunga mbele ya gari, na fundi tunamlipa.

Niliwatungia vijana wa baraza yetu ubeti mmoja juu ya jambo hili, walipokuwa wakilisifu gari la mwenzao:

Gari umelivalisha, chuma kizito usoni,
Hofu umejiondosha, umeitiya njiani,
Mwana anayejivusha, hajui lilo mbeleni,
Ngao yako ya bashasha, ni kitanzi cha jirani.

Mmoja wao, kijana msemaji, alinijibu papo hapo kwa nathari. "Na mimi ninayekwenda Garsen usiku je? Nyati akinitokea nimpigie mashairi?" Nililipenda jawabu hilo, na kijana yule ana haki.

Mtu ambaye riziki yake iko Garsen, Hola, Kipini au ndani ya Boni, anayepeleka dawa za mifugo au kuleta samaki, huyo ndiye ndugu wa yule mkulima wa Australia. Njia zake zina nyati, nguruwe pori, mbuzi na punda. Akipasukiwa na rejeta usiku, hakuna taa ya nyumba anayoiona. Bampa la chuma kwake ni chombo cha kazi kama jembe kwa mkulima. Alifunge, lakini alifunge lile la haki: lililoundwa kwa gari lake hilo hilo, lenye mikono inayokunjika, lenye ncha zilizovirigwa, na kulabu ya kuvutia iliyoshikwa na chasisi yenyewe, isiyochomelewa kwenye sahani nyembamba ikaja kung'oka na kumrukia mtu. Mabomba ya juu ayapunguze kadiri awezavyo. Ncha za chini zikikatwa mshazari, gari hupanda kingo za mchanga bila ya kukwaruza, na hiyo ni faida ambayo bampa la kiwandani halina.

Lakini naye asidanganyike. Barabara ya Garsen hadi Lamu ilipotiwa lami, mwendo uliongezeka, na mwendo ukizidi maradufu, mshindo wa kugonga huzidi mara nne. Na mnyama anayetisha zaidi kwenye njia hizo si nyati, ni ngamia. Ngamia ana miguu mirefu. Bampa, liwe la plastiki au la chuma, humpiga miguuni, na kiwiliwili chake, ambacho chaweza kuzidi kilo 400, huja juu ya boneti hadi kwenye kioo, mahali ambapo bampa halifiki. Dawa ya ngamia ni mguu kuutoa kwenye mafuta usiku unapoingia. Nimewaona madereva wenye vyuma vizito mbele wakienda kasi zaidi kuliko wasio navyo, kwani chuma huwapa ushujaa wa kukopa.

Wa mjini sasa, anayekwenda Kongowea na kurudi. Huyo haja yake ni nini? Nimewasikia wakitoa hoja mbili. Ya kwanza ni ya matatu na tuktuku, kwamba zinakwaruza kila siku, na bampa la plastiki likipasuka ni gharama. Hoja hii nyepesi mimi siidharau, gharama ni gharama. Lakini tazama inachosema: ili mimi nisilipe plastiki, yule mwenye tuktuku alipe bati lake, na aliye kwa miguu alipe mfupa wake. Mafakihi wetu wana msingi mmoja ambao hata asiyesoma sana huukubali, kuwa dhara haliondolewi kwa dhara lililo mfano wake. Sembuse kubwa kuliko lenyewe.

Hoja ya pili haisemwi kwa sauti, nayo ndiyo ya kweli. Ni heshima. Gari lenye chuma mbele hupishwa. Polisi wanayaendesha, wakubwa wanayaendesha, na mtu wa kawaida akilivaa la namna hiyo hujiona ametoka katika kundi la wanaopisha akaingia katika kundi la wanaopishwa. Hapa ndipo ninapokasirika, nakiri, maana pwani yetu ilikuwa na namna nyingine ya kuitafuta heshima. Mtu mwenye cheo alikuwa ndiye wa kwanza kutoa salamu, na nahodha mwenye chombo kikubwa ndiye aliyejua kukikwepa kidau cha mvuvi.

Lawama siwaangushii mafundi wetu wa jua kali. Mikono yao najua iwezavyo. Aliyeweza kulinyoosha gari lililokunjwa na lori hashindwi na bampa. Wanafanya kinachotakiwa na anayelipa. Laiti anayelipa angetaka bampa fupi, lisilo mabomba ya juu, la kona zilizoviringwa, lenye raba nene usoni na vipande vya kukunjika nyuma yake, wangelitengeneza na wangeanza kushindana nani analitengeneza vizuri zaidi. Wangelitia nakshi hata, tukapata kitu chetu badala ya kuiga uso wa nyika ya watu wengine. Wala sioni kwa nini wakaguzi wa magari, ambao hulipima gurudumu na breki, wasitembeze mkono mbele ya gari kutafuta ncha na makali.

Kwa aliyekwisha kulifunga na sasa anajiuliza, au anayekwenda bara msimu mmoja tu wa mwaka, liko jambo jepesi. Bampa la kiwandani asilitupe wala asimwachie fundi kama sehemu ya malipo, jambo ambalo karakana hulipenda sana kwa sababu huliuza. Kulirudisha ni kazi ya watu wawili na asubuhi moja, maadamu chasisi haikuchomelewa wala kukatwa. Plastiki, povu na ule mti wa chuma vyote viwekwe pamoja, vifungwe kwa gunia, vipandishwe darini penye ukavu mbali na panya, na pini na bolti zake zitiwe kwenye kopo moja lifungiwe humo humo, na nambari ya gari iandikwe juu.